Perlaiti, pumisi na obsidiani kwenye udongo wa mfinyanzi: ipi ununue, kwa kazi gani

Mama yao ni mmoja: lava yenye silika nyingi iliyopoa haraka hata fuwele hazikuwahi kujijenga, ikabaki kioo. Perlaiti iliyopanuliwa ni zile punje nyeupe nyepesi zinazouzwa kwenye maduka ya pembejeo kwa ajili ya vitalu vya miche. Pumisi ni lile jiwe jepesi la kusugulia visigino, ambalo karakana hulinunua likiwa changarawe au unga. Obsidiani ni jiwe jeusi linalong'aa na kukata kama wembe. Zote tatu huuzwa kwa wafinyanzi kwa ahadi zilezile: zitachukua nafasi ya feldspa (madini yanayosaidia udongo kuyeyuka motoni), zitapunguza uzito wa chombo, zitakizuia kisipasuke motoni. Hakuna mfuko mmoja unaotimiza ahadi zote tatu.

Tathmini kwa kifupi ni hii. Pumisi iliyosagwa ikawa laini kama unga wa ngano ndiyo inayostahili fedha ya karakana ya vikombe na sahani. Perlaiti inafaa majiko, matofali ya tanuri na vyungu vya maua, na isitiwe kwenye chombo cha mezani. Obsidiani ni nzuri mikononi mwa mwenye kinu cha mipira, yaani pipa linalozunguka likiwa na mipira ya kusagia. Asiye nacho aiache. Kinachoamua kuliko jina la jiwe ni ukubwa wa chembe zake. Jiwe lilelile likisagwa hadi mikroni 75 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) ni kiyeyushi, yaani linasaidia udongo kuyeyuka na kushikana motoni. Likibaki punje ya milimita 3 linaweza kuvimba ndani ya ukuta wa chombo na kuutoboa. Muuzaji asiyejua unga wake umepita chekeche la meshi ngapi (idadi ya matundu kwa kila inchi) bado hajawa muuzaji wa malighafi ya ufinyanzi.

Kilichomo ndani ya mfuko

Perlaiti na obsidiani ya kawaida zina silika asilimia 70 hadi 75, alumina (oksaidi ya alumini) 12 hadi 15, na alkali (sodiamu na potasiamu kwa pamoja, zikihesabiwa kama oksaidi) asilimia 8 au 9. Chuma huwa kati ya nusu na asilimia 2 kwenye mawe meupe, na huzidi hapo kwenye meusi. Tofauti kubwa kati yao ni maji. Perlaiti mbichi ina maji asilimia 2 hadi 5 yaliyofungwa ndani ya kioo chenyewe, si unyevu wa juu unaokauka juani. Obsidiani ina chini ya asilimia 1. Pumisi ni povu la kioo hichohicho, ambalo lilitoa sehemu ya mvuke wake siku ya mlipuko.

Feldspa ya potasiamu inayouzwa madukani ina alkali asilimia 13 au 14. Kwa hiyo kilo ya kioo cha volkano haiwezi kusimama badala ya kilo ya feldspa, hata kama kipeperushi kinasema hivyo. Hata tabia zao motoni ni mbali. Feldspa ni fuwele: ile ya sodiamu huanza kuyeyuka karibu na °C 1,118, ile ya potasiamu karibu na 1,150. Kioo hakina nyuzi moja ya kuyeyuka. Hulegea kidogo kidogo kuanzia 900 hivi, na huendelea kulegea kadiri moto unavyopanda. Hii ni faida, kwa kuwa chembe huanza kushikana mapema. Ni hasara pia, kwa sababu uso wa chombo huweza kuziba kabla gesi za ndani hazijamaliza kutoka.

Jambo moja zuri halitajwi vya kutosha. Kioo hakina kwatzi iliyo huru, hivyo hakina ule mruko wa ghafla wa ukubwa unaotokea °C 573, ambao hupasua vyombo vilivyochanganywa na mchanga wa mto. Mfinyanzi anayetengeneza vyungu vya kupikia akiondoa mchanga na kuweka pumisi ya kiasi kilekile atapunguza chanzo kimoja kikubwa cha nyufa.

Unga wa pumisi kama kiyeyushi

Hapa ndipo bidhaa hii inapojilipa. Chukua udongo wa kawaida wa moto mkali: feldspa 20, kwatzi 20, kaolini (udongo mweupe wa kaure) na udongo mnato 60. Sehemu 20 za feldspa yenye alkali asilimia 13.5 huleta alkali 2.7. Pumisi yenye alkali asilimia 8.5 italeta kiasi hicho ikiwa sehemu 32 (2.7 gawanya kwa 0.085). Lakini sehemu hizo 32 zinakuja na silika karibu 23, wakati feldspa ilikuwa imeleta 13. Silika 10 za ziada lazima zitoke mahali, nazo zinatoka kwenye kwatzi. Alumina inazidi kidogo, hivyo udongo unapungua kwa sehemu 2. Mchanganyiko mpya ni pumisi 32, kwatzi 10, kaolini na udongo mnato 58. Jumla ni 100, na kemia inakaribiana sana na ile ya mwanzo.

Hesabu hiyohiyo inakupa bei ya haki. Kilo 32 za unga wa pumisi zinachukua nafasi ya kilo 20 za feldspa, kilo 10 za kwatzi na kilo 2 za udongo. Jumlisha bei ya vitu hivyo vitatu pale ulipo. Pumisi ikigharimu zaidi ya hapo, pamoja na usafiri, endelea na feldspa yako bila kujilaumu. Ikigharimu nusu, una sababu ya kubadilisha.

Usianze na 32 moja kwa moja. Anza na 24, kisha 28, kisha 32, ukipunguza kwatzi kwa uwiano, na choma zote tanuri moja. Kemia ikilingana haimaanishi tabia italingana, kwa kuwa kioo kinaanza kazi mapema kuliko feldspa. Udongo uliokuwa umekomaa koni 10 (koni ni kipimo cha moto wa tanuri: 10 ni mkali kuliko 6) mara nyingi utakomaa mapema kidogo, na sahani pana ndiyo itakayokuonyesha kwanza kwa kulegea ukingoni.

Unga uwe umepita meshi 200, yaani mikroni 75. Unga wa meshi 80 bado una chembe za mikroni 180. Chembe hizo hazitayeyuka kikamilifu kwenye koni 6, zitaacha vidoadoa, na chini ya glezi nyeupe (tabaka la kioo linalofunika chombo) zitaonekana kama punje za pilipili manga. Kupima ni rahisi: chukua gramu 100 za unga, ukoroge ndani ya maji, umimine kwenye chekeche la meshi 200, uoshe kwa maji ya bomba hadi yanayotoka chini yawe safi, kisha ukaushe kilichobaki juu na kukipima. Kikizidi gramu 2, rudisha mfuko au uusage tena.

Mambo yanayoharibika ni manne, na kila moja lina sababu yake.

La kwanza ni glezi kupasuka nyufa za utando wa buibui. Kwatzi kwenye udongo ndiyo inayoufanya chombo kinywee zaidi kinapopoa na kuibana glezi. Umeitoa nusu, kwa hiyo glezi iliyokuwa ikikaa vizuri sasa inavutwa badala ya kubanwa. Rudisha kwatzi laini sehemu 5 na upunguze pumisi sehemu 5, au ongeza silika kwenye glezi. Kubadilisha ratiba ya moto hakutaondoa tatizo hili. Nyufa zinaweza kutokea wiki kadhaa baada ya chombo kutoka tanurini, kwa hiyo sampuli zikae mwezi mmoja kabla hujakubali mchanganyiko.

La pili ni malengelenge. Haya huja pale gesi inapokamatwa ndani ya ukuta ambao uso wake umeshaziba. Mchomo wa kwanza ufike °C 1,000, nao ushikiliwe hapo nusu saa huku tundu la hewa la tanuri likiwa wazi, ili kaboni na mvuke vitoke wakati udongo bado una vinyweleo. Wanaochoma mchomo wa kwanza kwa 850 ili kuokoa umeme au kuni wataona malengelenge kwenye mchomo wa pili na kuilaumu pumisi.

La tatu ni udongo mbichi kulegea ghalani. Kioo kilichosagwa laini hutoa alkali kidogo kidogo ndani ya maji. Baada ya wiki kadhaa udongo uliokuwa ukisimama vizuri kwenye gurudumu unakuwa mtepetevu: ukiusukuma unatikisika, ukiuacha unakuwa kama mpira. Dawa ni chumvi ya Epsom, gramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya udongo mkavu, iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto kabla ya kukandwa. Siki nayo inasaidia, ila nguvu yake haidumu. Kwa udongo wa kumimina kwenye kalibu tatizo ni la namna nyingine: uji unaweza kuwa mwepesi leo na mzito wiki ijayo. Karakana za kumimina zitengeneze uji wa siku chache tu kwa wakati, zisiweke akiba ya mwezi.

La nne ni rangi, na hapa hesabu inatosha. Pumisi yenye chuma asilimia 1.5 ikiwa sehemu 32 inaleta chuma karibu nusu asilimia kwenye udongo wote. Kaure nyeupe itageuka krimu, na kwenye tanuri la kuni lenye moshi itaelekea kijivu. Pumisi yenye chuma asilimia 6 inaleta karibu asilimia 2, na hapo weupe umekwisha kabisa. Pata kahawia, uipende.

Si kila pumisi ni ileile

Wafinyanzi wa Afrika Mashariki wana bahati ya kuishi juu ya Bonde la Ufa, lakini bahati hiyo inahitaji kujua unakanyaga nini. Longonot na Menengai nchini Kenya ni volkano za trakaiti, lava yenye silika ya wastani. Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, ni ya rayoliti, lava yenye silika nyingi. Mlima Rungwe nchini Tanzania ulilipuka takriban miaka 4,000 iliyopita na kutandaza pumisi kwenye nyanda za Mbeya, nayo ni ya kundi la trakaiti. Kwa mfinyanzi tofauti hii ni kubwa. Trakaiti ina silika chache, karibu asilimia 60 hadi 65, alkali nyingi zaidi, karibu 10 hadi 12, na chuma kingi.

Rudia hesabu ya juu kwa pumisi ya trakaiti yenye alkali asilimia 11. Zinatosha sehemu 25 badala ya 32, na kwatzi inapungua kwa 2 au 3 tu. Mchanganyiko unakuwa pumisi 25, kwatzi 17, udongo 58. Anayechukua resipe iliyoandikwa kwa pumisi nyeupe ya Marekani au ya Italia na kuitumia neno kwa neno kwa pumisi ya Longonot anaweka kiyeyushi cha ziada bila kujua, na sahani zake zitashikamana na rafu ya tanuri. Kwa vyombo vya kahawia vya koni 6, pumisi ya trakaiti ni bora kuliko ya rayoliti, tena kwa mbali: chuma chake kinasaidia kuyeyusha, rangi inapata joto, na uzito wa gunia unaosafirishwa ni mdogo.

Pumisi ya machimbo huja na uchafu. Kuna fuwele za feldspa, vipande vya lava nzito, na mizizi. Utenge kwa maji: jaza pipa, mimina changarawe, koroga. Pumisi inaelea, mawe na fuwele zinazama. Chota kinachoelea ndani ya dakika chache, kabla vinyweleo havijajaa maji, suuza mara mbili, anika. Kuosha huku kunaondoa pia chumvi zinazoyeyuka, ambazo vinginevyo hupanda juu ya chombo kinapokauka na kuacha utando mweupe. Tabaka la juu lenye rangi ya udongo liachwe, maana kioo chake kimeshaanza kuoza.

Kusaga kusifanyike kwenye mashine ya posho. Kioo kinakula nyundo za mashine, chuma chake kinaingia kwenye unga wako, na vumbi lako linaingia kwenye unga wa watu.

Pumisi ya punje, bila kusagwa

Kwa kazi ya moto wa chini, punje za nusu milimita hadi milimita 2 zinafanya kazi ileile ya unga wa magae: zinafungua udongo, zinapunguza kunywea, zinauacha mvuke utoke. Kiasi cha kufaa ni asilimia 10 hadi 20 kwa uzito. Punje zina vinyweleo, kwa hiyo ziloweshwe kwanza, la sivyo zitanyonya maji ya udongo katikati ya kazi na nyufa zitaanzia kwenye mikunjo. Magae ya bure yakiwapo, hakuna sababu ya kununua pumisi kwa kazi hii isipokuwa unahitaji wepesi. Zaidi ya °C 1,100 punje hizi huanza kulainika na kuacha mashimo yenye kuta za kioo. Wengine wanayapenda kwa vyombo vya mapambo. Kwa kikombe ni kasoro.

Perlaiti iliyopanuliwa

Inauzwa kwa ujazo, mara nyingi gunia la lita 100, na hili linawachanganya wengi. Lita moja ina uzito wa gramu 30 hadi 150 kutegemea daraja. Tukichukua gramu 100, gunia la lita 100 ni kilo 10 tu za kioo. Mtu anayeinunua kama kiyeyushi analipa bei kubwa mno kwa alkali kidogo, kisha anatakiwa kuiponda. Ununuzi huo hauna maana.

Kinacholipwa hapa ni hewa. Perlaiti mbichi ilipashwa moto ghafla, kwa kawaida karibu na °C 850 hadi 900 au zaidi. Kioo kikalainika, maji yakageuka mvuke, punje zikavimba mara 4 hadi 20. Kwa kuwa maji yameshatoka, punje hizo hazitavimba tena ndani ya chombo chako.

Kwa kilo 10 za udongo mkavu, lita 10 za perlaiti laini ni mwanzo mzuri. Uzito wake ni kilo 1. Lita 10 za punje, ukiondoa nafasi zilizo kati yake, zinakaa karibu lita 6, sawa na ujazo wa udongo wenyewe uliochomwa. Kinadharia ukuta unapata uzito wa nusu. Kwa kweli hautafika huko, kwa sababu sehemu ya punje itavunjika mikononi mwako, na hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi yao wenyewe. Wanamwaga perlaiti juu ya udongo mnato na kuukanda kama chapati. Baada ya kukanda mara hamsini hakuna perlaiti tena. Kuna unga wa kioo.

Njia inayookoa punje ni hii. Chekecha uondoe vumbi, nje ya nyumba, ukiwa umevaa barakoa. Lowesha punje zilizobaki hadi zisinyonye tena. Fanya udongo wako uji mzito kama mtindi. Changanya kwa mkono au kwa mwiko mpana, ukigeuza kutoka chini kwa sababu perlaiti inaelea. Mimina juu ya ubao wa plasta au shuka lililotandazwa juu ya matofali makavu, uache hadi uweze kukamatika. Halafu bonyeza kwenye kalibu. Usiupitishe kwenye mashine ya kukandia, na usiupeleke kwenye gurudumu. Punje zitakukwaruza vidole na zitang'oka zikiacha mitaro.

Kwa majiko, matumizi yanahitaji akili kidogo. Jiko la kauri la Kenya, lililoenea tangu miaka ya mwanzo ya 1980, lina kikombe cha udongo uliochomwa ndani ya kava la bati. Kikombe hicho kinapigwa na makaa, kinachokolewa kwa chuma, kinamwagiwa uji uliofurika. Udongo wenye perlaiti nyingi ni dhaifu, na uso wake utamomonyoka ndani ya miezi michache. Kwa hiyo kikombe chenyewe kibaki cha udongo mzito wenye magae, na perlaiti iende nyuma yake, kwenye nafasi kati ya kikombe na bati, kwa uwiano wa ujazo wa uji wa udongo 1 kwa perlaiti 4. Tabaka hilo halichomwi tanurini. Linakauka na kupata joto la jiko lenyewe. Fundi anayetaka perlaiti ndani ya kikombe chenyewe asizidi lita 2 au 3 kwa kilo 10 za udongo.

Kwa matofali ya kuzuia joto la tanuri, udongo 1 kwa perlaiti 3 kwa ujazo hutoa tofali linaloweza kukatwa kwa msumeno. Lisitumike pale moto unapozidi °C 1,050, maana juu ya hapo punje zinaanza kusinyaa na tofali linapungua ukubwa likiwa ukutani. Ikumbukwe kwamba pumba za mpunga na vumbi la mbao hutengeneza vinyweleo vilevile kwa gharama karibu ya bure. Perlaiti inazishinda kwa jambo moja: haitoi moshi na haiachi kiini cheusi katikati ya tofali nene.

Obsidiani

Jiwe zuri lenye sifa kubwa kuliko faida yake karakanani. Watu wa kale waliokaa kandokando ya Naivasha na Eburru walichonga zana zake kwa maelfu ya miaka, na bado linapatikana huko likiwa limetapakaa. Linaponunuliwa kwa ajili ya udongo, ulizia mambo mawili: rangi ya ukingo mwembamba ukiuelekeza kwenye mwanga, na kama lina madoa meupe ya theluji. Ukingo unaopitisha mwanga wa kijivu una chuma kidogo. Ukingo wa kijani kibichi au mweusi tii una chuma kingi, kama ilivyo kwa mawe ya Eburru. Madoa meupe yana kristobalaiti (fuwele za silika), ambayo hubadilika ukubwa ghafla karibu na °C 226, nyuzi ambazo sahani inazipitia kila ikiingia jikoni kwenye oveni. Lenye madoa liwe la pambo.

Maji yake ni machache, chini ya asilimia 1, lakini yanatosha kuleta maafa. Gramu moja ya maji ikiwa mvuke kwenye °C 1,000 inajaza karibu lita 6. Kipande cha obsidiani kikilainika tanurini huweza kuumuka kama andazi. Ndiyo sababu vipande vyake visitiwe kwenye udongo wa moto mkali kwa lengo la urembo, hata kama picha zinavutia; ukuta utapasuka kuzunguka kila kipande.

Tabia hiyohiyo inaweza kutumika kurahisisha kusaga. Weka vipande vya ukubwa wa kunde kwenye bakuli la bisk (lililochomwa mara ya kwanza tu, bila glezi) lililopakwa alumina na kaolini, usijaze zaidi ya moja ya tano, choma hadi °C 1,050 au 1,100 polepole. Mara nyingi utapata povu la kijivu linalopondeka kwa mkono wenye glavu, na maji yakiwa yameshaondoka. Kisichoumuka kiponde ndani ya gunia nene ukiwa na miwani ya kinga, kwa sababu vipande vyake huruka na huingia kwenye ngozi bila kuhisiwa. Pitisha sumaku kutoa chuma cha nyundo. Kisha kinu cha mipira ya kaure: mipira ijaze nusu ya pipa, jiwe na maji vijaze nafasi zilizobaki, maji sehemu 60 hadi 70 kwa kila 100 za jiwe. Saga hadi kinachobaki juu ya meshi 200 kiwe chini ya asilimia 1.

Ukishaupata unga huo, unafanya kazi vizuri. Obsidiani za Naivasha zina alkali nyingi kuliko alumina inavyoweza kuzifunga, hivyo huyeyuka kwa urahisi kuliko rayoliti ya kawaida. Punguza kiasi kwa sehemu 3 au 4 ukilinganisha na pumisi nyeupe. Ila gharama ya umeme na saa za kinu zikihesabiwa, pumisi inayopatikana kilomita chache kutoka hapo inafanya kazi ileile. Matumizi yanayoihalalisha obsidiani ni glezi nyeusi na kahawia za koni 8 hadi 10, na hiyo ni kazi nyingine.

Hewa ya chumba cha tanuri

Rayoliti za Naivasha zina florini nyingi kuliko kawaida, na mawe mengi ya Bonde la Ufa ni jamaa zake. Ni florini ya ukanda huohuo inayotia meno rangi ya kahawia kupitia maji ya visima. Tanurini hutoka kama gesi ya haidrojeni floraidi, inayochoma macho na mapafu na kula nyaya za tanuri la umeme. Tanuri lenye mzigo huu likae chini ya paa lililo wazi pande zote au liwe na feni ya kutoa hewa nje, na mtu asikae chumbani kuanzia °C 700 hadi tanuri lipoe. Pumisi nyeupe za mbali hazina tatizo hili kwa kiwango hicho, na kwa karakana iliyo ndani ya nyumba ya kuishi hiyo ni sababu tosha ya kulipa zaidi.

Vumbi la kioo si baya kama la kwatzi, lakini pumisi ya machimbo huwa na kwatzi na kristobalaiti ndani yake. Barakoa ya chembe laini ivaliwe. Kitambaa cha mdomoni hakitoshi. Sakafu ioshwe, isifagiliwe.

Kabla ya kuagiza lori

Nunua kilo 5. Tengeneza vipande vitano vya sentimita 14 kwa 3 kwa 1, vyenye pumisi 0, 10, 20, 30 na 40, kila kimoja kikiwa na alama mbili zilizoachana sentimita 10 kamili wakati udongo ungali mbichi. Vichome vikiwa vimelala juu ya nguzo mbili, ncha kwa ncha, ili uone kipi kinapinda. Pima umbali wa alama upate kunywea. Pima uzito vikiwa vikavu, vichemshe saa 5, viache majini hadi kesho yake, vifute, pima tena. Kipande cha gramu 64 kikirudi na 66.5 kimenyonya gramu 2.5, yaani asilimia 3.9. Chombo cha mezani cha koni 6 au 10 kiwe chini ya 3. Chungu cha kupikia cha moto wa chini kinaweza kubaki 10 hadi 15, na ni afadhali kibaki hapo. Weka pia rundo la unga mtupu, la kijiko kimoja, kwenye kibakuli cha bisk ndani ya tanuri lilelile: likibaki unga uliogandana, pumisi yako ni ngumu kwa koni hiyo, likiwa dimbwi linalong'aa, anza na kiasi kidogo kuliko hesabu ilivyosema, likiwa povu, saga zaidi au lichome kwanza peke yake.

Kila lori ni jiwe jipya, hata likitoka shimo lilelile. Weka kilo 1 ya kila mzigo kwenye ndoo yenye tarehe na jina la machimbo, na mzigo mpya ukifika uchomwe pamoja na ule wa zamani kwenye rafu moja kabla haujachanganywa na chochote.